Kumfuata dereva unayempenda kwenye mashindano ya Gran Turismo

Mdogo wangu wa Iringa, nimekuelewa: unateremka Dar es Salaam kwenye mashindano ya Gran Turismo, ule mchezo wa video wa mbio za magari, shujaa wako atakuwepo, nawe unaogopa kupigwa na bumbuwazi mbele yake.

Usimfuate kabla ya mbio. Wakati huo anarekebisha kiti na pedali, akili iko kwenye kona. Subiri amalize, avue hedifoni, awape wenzake mkono. Msogelee kwa mbele, si mgongoni. Usukani wake usiuguse kabisa: nyingi hujipima katikati zinapowashwa, na ukiuzungusha wakati huo gari litavuta upande.

Andaa swali moja la kweli: "Kaka, kwenye kona kali breki unaanza kuiachia wapi?" Hilo litamfungua mdomo kuliko sifa kumi. Picha, omba kwanza. Sahihi ya wino kwenye plastiki iache ikauke, la sivyo itapaka.

Mtu akidai pesa kwa simu ili akukutanishe naye, usitume; waulize waandaaji. Kama hujafika miaka 18, nenda na mkubwa wa nyumbani, na mazungumzo yaishie ukumbini. Moyo kwenda mbio ni kawaida, ila hofu ikikubana kifua hata shuleni, muone daktari.

Safiri siku moja kabla. Lori likikwama kwenye mlima Kitonga, njiani kutoka Iringa, foleni haina huruma.