Mbwa wako anakula nyasi? Usimkimbilie na maji ya chumvi kama mimi

Nina mbwa anaitwa Sato. Jina walimpa watoto wa hapa kwetu Nyegezi, alipoletwa akiwa mdogo kitu cha kwanza kuiba jikoni kilikuwa kichwa cha samaki sato, basi likamganda. Ni mbwa wa kawaida tu, hawa tunaowaita koko, rangi ya udongo, sikio moja limesimama lingine limelala, kazi yake kulinda geti na kubwekea boda.

Sasa kuna asubuhi natoka nje kupiga mswaki namkuta kwenye ukoka ulioota pembeni ya jiwe letu (Mwanza bwana, kila nyumba na jiwe lake), anakula majani. Sio kunusa, anakula kabisa, anachagua vile vichipukizi vyenye umande, kichwa kakilaza upande anakata kwa magego, macho kafumba nusu, utadhani mbuzi. Dakika tano hivi alafu akakohoa, akatapika povu la njano lina vipande vya majani bado kijani kabisa. Akalinusa, akapiga mkia, akaenda kulala kivulini.

Yeye yuko poa, mimi ndo nikachanganyikiwa. Jirani mmoja akasema mvua hiyo inakuja, mwingine akasema kalishwa sumu huyo, na fundi aliyekuwa anajenga kwetu akanipa ushauri ambao nakuomba usiufuate hata siku moja, eti mnyweshe maji ya chumvi atapike yote. Nikamshika mdomo nikammiminia. Nimekuja kujua baadae kwamba chumvi nyingi ni sumu kwa mbwa, inapanda kwenye damu, anaanza kutetemeka na ikizidi anapata degedege na anaweza kufa kabisa. Kilichomuokoa Sato ni kwamba nusu ya kikombe iliishia kwenye shati langu. Alihara siku nzima.

Daktari wa mifugo alipofika hakumgusa mbwa, alinigeukia mimi. Alikuwa anakula taratibu au anafakamia? Jana usiku alimaliza ugali wake? Mavi yakoje? Minyoo mara ya mwisho ulimpa lini? Nikajibu yote, ya minyoo nikaanza kubabaika, akacheka. "Kaka, asubuhi mbwa wako alikuwa mzima. Huyu mgonjwa umemtengeneza wewe."

Ndo nikaanza kusoma, na kumbe hii kitu ni ya kawaida kuliko tunavyodhani. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California pale Davis, Marekani, walitoa matokeo ya kuwahoji wenye mbwa 1,571 na asilimia 68 walisema mbwa wao wanakula majani kila siku au kila wiki. Asilimia 8 tu ndo walisema mbwa huwa anaonyesha dalili za kuumwa kabla ya kula, na asilimia 22 ndo walisema huwa anatapika baada ya hapo. Yani ile habari kwamba mbwa anakula nyasi kwa sababu tumbo linamuuma ili atapike, kwa mbwa wengi haipo. Na wadogo ndo wanakula zaidi ya wazee.

Sasa kwa nini wanakula? Mbwa mwitu wa Ulaya na Marekani nao wanakula, kwa hiyo watafiti wanaona ni tabia ya kurithi, na wazo lao ni kwamba majani yanapita tumboni bila kusagika vizuri (mbwa hana tumbo la ng'ombe) na yanasaidia kusukuma minyoo. Mimi hili nililielewa nilipokumbuka sokwe wetu wa Mahale kule Ziwa Tanganyika, wanachukua majani ya kukwaruza yenye vinywele, wanayakunja mdomoni, wanameza bila kutafuna, yanatoka mazima na minyoo. Ila sasa usije ukasema basi nyasi ndo dawa. Sato nampa dawa ya minyoo kila miezi mitatu, kipimo anapanga dokta kwa uzito wake.

Mimi siku hizi siogopi nyasi, naogopa nyasi zipi. Uzio wetu ni minyaa, na ule utomvu mweupe unaunguza mdomo, ukiingia jichoni ndo balaa, kwa hiyo nikipunguza minyaa matawi siyaachi chini. Mbegu za nyonyo na za mbono kaburi ni sumu kweli. Na huku ziwani watu wana bustani za mchicha na nyanya wanapiga dawa, mwingine anapuliza dawa ya kuua magugu njiani, ukiona majani yamekauka ghafla mpitishe mbwa mbali.

Alafu kuna kula kwingine ambako sio kwa starehe. Mwaka jana nimenunua mapanki (mifupa ya sangara iliyotolewa minofu) soko la Mwaloni, tumekula, mabaki yakaachwa wazi. Asubuhi Sato anafakamia nyasi hatafuni, anameza ndefu ndefu pamoja na udongo, kanyoosha shingo, analamba midomo, mate yanadondoka, chakula kanusa kaacha. Hapo hata mtoto angejua sio yule wa siku ile. (Na kama tumbo limevimba na anajikamua kutapika hakuna kinachotoka, usisubiri hata saa moja, kodi bajaji.)

Nikajua huyu kakwamwa na mwiba wa yale mapanki, nikakunja mikono ya shati nimfungue mdomo niutoe. Namshukuru Mungu nilipiga simu kwanza, maana dokta alinifokea: "Usiingize mkono! Chanjo ya kichaa kachanjwa lini?" Sikuelewa mwiba na kichaa vinahusianaje. Akaniambia mbwa mwenye kichaa naye anadondosha mate na anashindwa kumeza, wenye mbwa wanadhani kakwamwa na mfupa, wanaingiza mkono, na yale mate yakiingia kwenye kidonda ndo basi. Ukishapatwa na mate au ukang'atwa unaosha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 na unaenda hospitali siku hiyohiyo, ukisubiri dalili zianze umeshachelewa.

Nikakimbia ndani kutafuta kadi, nikaikuta chini ya godoro imekunjika, chanjo ilikuwa na miezi minne. Dokta alipofika akaisoma, akavaa glavu, akamchoma sindano ya usingizi, akautoa mwiba wa sangara nyuma ya ulimi, mrefu kama njiti ya kiberiti. Kadi ya Sato saivi inakaa kwenye bahasha moja na kadi za kliniki za watoto.