Fulana ya mamba sikuichapa

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama nguo ya kejeli inaweza kusema neno la maana juu ya wahamiaji wanaowekwa kizuizini. Mimi nachapa fulana Mwanjelwa, Mbeya. Jibu langu ni ndiyo, ila kwanza niambiwe anayechekwa ni nani.

Majuzi kijana mmoja alinionyesha picha kwenye simu: mamba, gereza, na maneno "Alligator Alcatraz", yaani mamba na jina la gereza la zamani la Marekani. Alitaka fulana kumi za kikundi chao, akidhani ni jina la filamu. Nikamweleza kwamba hiyo ni kambi ya kuwafungia wahamiaji, iliyofunguliwa Julai 2025 kwenye kinamasi cha Everglades, jimbo la Florida, Marekani. Wakubwa wa kule walijisifu kwamba atakayetoroka atakutana na mamba na chatu, na chama cha Republican cha Florida kikauza fulana na kofia zenye jina hilo. Mtu analala nyuma ya waya, mwingine anavaa jina la gereza lake kifuani na kucheka! Hiyo siiti kejeli. Ni uonevu.

Kejeli niliyokulia ni ya kanga. Mama akikerwa na jirani hatukani. Anajifunga kanga yenye jina linalomfaa huyo jirani, anapita mlangoni kwake taratibu. Jirani naye anatafuta ya kujibu. Hata Marekani walijibizana hivyo. Juni 2018 Melania Trump, mke wa Rais Donald Trump, akisafiri kwenda kuwaona watoto wa wahamiaji Texas, alivaa koti lililoandikwa mgongoni kwamba yeye hajali, je wewe? Kampuni moja ya nguo ikatoa koti la kujibu, lililoandikwa kwamba mimi najali, je wewe hujali?, na mapato yakaenda kwa wanasheria wa wahamiaji huko huko Texas. Hapo nguo ilisema, tena ilimsemesha mwenye nguvu.

Na sisi tunaokaa kwenye barabara ya Tunduma tusione haya ni mambo ya mbali. Wahabeshi wanaopita huku kuelekea Afrika Kusini tunawajua. Mwaka 2012 zaidi ya 40 walikutwa wamekufa, walikuwa wamejazwa kwenye lori, mkoani Dodoma. Julai moja, baridi ya Uyole ikiuma, niliona vijana waliokamatwa wamekalishwa chini kando ya lami. Mmoja alivaa fulana ya mtumba yenye picha ya minazi na bahari, imechanika begani, na mikono yote miwili ameiingiza ndani kutafuta joto. Watu walikuwa wakipiga picha. Mama muuza maparachichi akavua kitenge chake cha pili, akamfunika, akarudi kwenye ndoo yake bila neno.

Hilo nalo nilimsimulia yule kijana. Akaifuta picha ya mamba. Jioni alirudi na karatasi yenye maneno mengine: "Babu yako alihamia lini?" Saba zimeshakauka, tatu bado ziko kwenye kamba.

Fundi wa fulana, Mbeya