Maswali ya Wasomaji: Msimbo Ulio Wazi na Siri za Wateja

SWALI: Assalaam alaykum. Nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Chake Chake, lenye kompyuta mbili na printa moja. Wateja huniletea vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya mashamba ya mikarafuu, hata karatasi za talaka, na vyote hupita katika kompyuta zangu. Mwezi uliopita kompyuta moja ilianza kufungua kurasa za matangazo yenyewe, na faili za wateja wawili zikapotea. Mtoto wa dada yangu anayesoma Unguja ananishauri niiondoe Windows niliyowekewa na fundi, niweke Linux, mfumo endeshi mwengine (yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta), kwa kuwa ni ya bure na msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa ya kuiunda, uko wazi kwa watu wote. Hapo ndipo aliponitia wasiwasi. Ikiwa kila mtu anaweza kuusoma, si hata mwizi atausoma? Na kitu cha bure kitalindaje siri za watu? (Mwenye duka, Pemba, jina limehifadhiwa.)

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Nianze na neno “bure”, kwa sababu limewapotosha wengi kabla yako. Kiingereza hutumia neno moja, “free”, kwa kitu kisicho na malipo na kwa kitu kisichofungwa na mtu, na walioanzisha programu za aina hii wamekuwa wakilifafanua neno hilo kwa zaidi ya miaka arubaini. Sisi tunayo mawili, bure na huria, na tunaweza kuyatenganisha bila ya taabu. Programu anayokutajia kijana wako ni huria kwanza. Ubure wake unafuata nyuma.

Mwanzo wa harakati hizi wewe utauelewa kuliko wasomaji wengi, kwani ulihusu printa. Richard Stallman, aliyekuwa mtaalamu wa programu katika chuo cha MIT nchini Marekani, amesimulia kwamba maabara yao ililetewa printa ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi mara kwa mara, naye akataka kuirekebisha programu yake ili iwaarifu watu walio vyumba vingine pindi inapokwama, kama alivyokwisha kuifanyia ile ya zamani. Alinyimwa msimbo. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo endeshi ulio huria, na kutokana nao zikaandikwa ruhusa nne ambazo kila programu huria humpa mwenye kuitumia: kuitumia kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake na kuubadilisha, kuwagawia wengine nakala, na kuwagawia hata nakala ulizozibadilisha mwenyewe. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akatoa kiini cha Linux, na vitu hivyo viwili vilipokutana ukapatikana mfumo endeshi kamili.

Sasa tuje kwenye kompyuta zako. Kwa unavyoeleza, nina shaka kubwa kwamba Windows uliyowekewa ni ya kreki, yaani iliyovunjwa kufuli la leseni ili itumike bila ya kulipiwa. Nimewahi kukaa ubavuni mwa fundi mmoja mjini akiifanya kazi hiyo. Alichomeka flashi, akaizima antivairasi kwanza kwa kuwa kreki haikubali kuingia ikiwa ulinzi uko macho, kisha akalibonyeza faili moja dogo na kulipa ruhusa zote za msimamizi wa kompyuta. Baada ya sekunde chache kioo kikaandika kwamba kazi imekamilika. Katika chumba kile hapakuwa na mtu, fundi mwenyewe akiwemo, aliyejua faili lile limefanya jambo gani jengine. Kompyuta ya namna hiyo ndiyo inayopokea vitambulisho na karatasi za talaka za watu wa Chake, na hilo linanihuzunisha zaidi kuliko faili mbili zilizopotea.

Ama kuhusu mwizi kuusoma msimbo, ni kweli ataweza, na swali lako ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mwanaisimu wa Kiholanzi, aliandika katika jarida la kijeshi la Ufaransa kwamba mfumo wa maandishi ya siri uwe ni ule ambao hata ukiangukia mikononi mwa adui hautoleta madhara. Cha kufichwa ni ufunguo. Kila fundi anajua kufuli lilivyo ndani, na hata hivyo mlango wako haufunguki kwa ujuzi huo. Kufuli linalotegemea watu wasijue lilivyotengenezwa ni kufuli bovu, kwa kuwa mwizi mwenye subira atalivunja alichunguze, na jirani mwema atakayeuona ubovu wake kabla hawezi kukuonya.

Fikiria mizani ya karafuu. Mkulima anapofikisha gunia kituoni husimama mbele ya mizani akaiona kwa macho yake, na hata asiyejua kusoma namba humleta mwanawe amsomee. Programu iliyofungwa ni mizani iliyowekwa nyuma ya pazia, na wewe unatajiwa uzito tu. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Volkswagen ilitia katika magari takriban milioni 11 duniani programu iliyotambua pale gari linapopimwa moshi, ikaupunguza moshi wakati huo tu. Hapakuwa na mnunuzi aliyeruhusiwa kuusoma msimbo ule. Waliogundua ni watu waliolazimika kuupima moshi wenyewe barabarani.

Sitaki uondoke ukidhani uwazi ni hirizi. Mwaka 2014 iligundulika kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu huria inayolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, na ilikuwa imekaa humo takriban miaka miwili, kwa sababu watu wengi waliweza kuusoma msimbo lakini wachache mno waliusoma. Na mwezi wa Machi 2024 iligundulika kwamba mtu mmoja alijenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili katika mradi wa xz, programu huria ya kubana faili, kisha akapenyeza mlango wa siri. Aliyemfichua, mtaalamu wa programu Andres Freund, hakuwa akimtafuta. Aliona tu kwamba kuingia katika mashine yake kunachelewa kwa nusu sekunde hivi. Akaufuatilia ucheleweshaji huo hatua kwa hatua hadi akaufikia mlango ule wa siri. Aliweza kwa sababu hakuna aliyemfungia mlango wa kutazama. Kama programu ile ingekuwa ya kampuni, angeishia kuandika malalamiko na kusubiri.

Kwa duka lako, usiondoe chochote leo. Hamisha kwanza faili zako katika diski ya nje. Kisha kijana wako akutengenezee flashi ya Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni aina mbili za Linux, uiwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo bila ya kuweka kitu ndani, na jambo la kwanza uijaribu printa, maana baadhi ya printa hazina programu ya kuziendesha katika Linux, na duka la fotokopi bila ya printa si duka. Ikikubali, iweke, na wakati wa kuiweka chagua diski yote isimbwe, yaani isisomeke bila ya nenosiri, ili kompyuta ikiibiwa mwizi apate chuma kitupu. Kuandikia utatumia LibreOffice. Nyaraka zilizotoka Word hufunguka, ingawa majedwali wakati mwengine husogea. Kwa hiyo waombe wateja wakuletee PDF kwa kazi ya kuchapa tu. LibreOffice ilitokana na OpenOffice.org, ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao waliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004 bila ya kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa ruhusa ilikuwemo tayari ndani ya leseni.

Na kila jioni futa faili za wateja waliokwisha kuchukua kazi zao. Katika duka moja la Darajani nilipewa kiti nichape barua yangu, nikakuta kwenye kioo majibu ya maabara ya mtu nisiyemjua, jina lake kamili likisomeka. Hakuna mfumo endeshi utakaomsitiri mtu yule.

SWALI: WhatsApp inasema ujumbe wetu umefungwa na hakuna anayeusoma. Kwa nini basi watu wanahimiza Signal, programu nyingine ya kutumiana ujumbe? (Mwalimu wa skuli, Wete.)

JIBU: Ujumbe wenyewe umefungwa kweli, mwalimu, na tangu mwaka 2016 WhatsApp hutumia utaratibu ule ule uliobuniwa na watu wa Signal. Tofauti iko pembeni ya ujumbe. Msimbo wa programu ya WhatsApp umefichwa, na kampuni hubaki na taarifa nyingine juu ya akaunti yako na matumizi yako. Msimbo wa Signal unaweza kusomwa na yeyote. Mwaka 2016 mahakama nchini Marekani iliitaka Signal itoe taarifa za watumiaji, na ilichoweza kutoa ni tarehe akaunti ilipofunguliwa na tarehe ilipounganishwa mara ya mwisho. Kundi la wazazi wa skuli libaki lilipo. Kwa mazungumzo ya mwanafunzi mwenye tatizo nyumbani, mwombe mzazi wake aweke Signal.