Kila riwaya inafia sura ya nne: jibu kwa mwalimu anayeandika kwenye simu

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kahama, naandika riwaya kwenye simu usiku nikishamaliza kusahihisha madaftari. Nimeshaanza riwaya nne na zote zimefia sura ya tatu au ya nne. Kila nikikaa naanza kwa kusoma nilichoandika jana, nakiona kibaya, nafuta, narekebisha, mpaka usingizi unanikuta sijaongeza hata aya moja. Wewe unaandika michezo ya redio na vitabu, unamalizaje? Niandike maneno mangapi kwa siku? Na je, ni lazima ninunue laptopu?

JIBU: Marahaba mwalimu. Nianze na laptopu maana hiyo ndo nyepesi: hapana, si lazima. Kitabu changu cha kwanza chote nilikiandika kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nimekaa kwenye daladala za Tabata, na skripti za redio mpaka leo nusu yake naanzia kwenye simu, kompyuta inakuja baadaye kwenye kupanga. Kilicho lazima ni nakala, na hapo nakuomba unisikilize kabisa. Mwaka 2016 niliibiwa simu kituoni jioni watu wamejaa, na mle ndani kulikuwa na sura tisa ambazo hazikuwepo popote pengine. Siku tatu nilikuwa siongei na mtu nyumbani. Kuziandika upya kulinichukua miezi minne na mpaka leo kuna ukurasa mmoja wa sura ya sita, mtoto anamfundisha bibi yake kutuma hela kwa simu na bibi anaficha namba ya siri hata kwa mjukuu, najua kabisa ule wa kwanza ulikuwa mzuri kuliko huu uliopo kitabuni. Kwa hiyo kila sura iwe na faili lake, na kila ukimaliza kuandika jitumie kwa barua pepe, maandishi matupu hayali bando. Mtandao ukisumbua tuma ukifika shule, ila usiache zipite siku mbili.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe.

We hujakwama kwa sababu huna hadithi, mtu asiye na hadithi haanzi riwaya nne. Unakwama kwa sababu unaandika na kusahihisha kwa pamoja, na hizi ni kazi mbili ambazo haziwezi kukaa chumba kimoja. Na hili unalijua kuliko mimi. Mtoto wa darasa la tano akiwa anaandika insha husimami nyuma ya bega lake na kalamu nyekundu ukakata kila neno linavyotoka, ungefanya hivyo angeandika mistari miwili halafu angeanza kulia. Unamwacha amalize, akusanye daftari, ndo unakaa nalo. Lakini wewe mwenyewe usiku hujipi nafasi hiyo.

Halafu angalia na saa unayoandika. Umetoka kusahihisha madaftari ya darasa zima, masaa mawili jicho lako limekuwa likitafuta makosa tu, kosa hili, kosa lile, halafu bila hata kunyoosha mgongo unafungua riwaya yako. Jicho halijui kwamba madaftari yameisha! Linaendelea na kazi ile ile. Mi naamini kabisa hapo ndo penye nusu ya tatizo lako. Kama unaweza, geuza: amka saa kumi na nusu alfajiri uandike kabla hujasoma kitu chochote cha mtu mwingine, hata meseji usifungue, madaftari yabaki na usiku wake. Kama alfajiri haiwezekani, nyumba ndogo, watoto wanaamka, basi andika kwanza jioni ndo usahihishe. Nusu saa inatosha kuanzia.

Sheria yangu mimi, na nimeishika miaka kumi na moja sasa, ni kwamba rasimu ya kwanza haisomwi mpaka iishe. Najiruhusu aya ya mwisho tu ili nijue nimemwacha mhusika amesimama wapi, basi, naendelea. Ikiwa mbaya iwe mbaya. Sura ya pili dada wa watu alikuwa anaitwa Rehema, sura ya saba nashtuka nimemwita Zawadi, sirudi nyuma kurekebisha, naandika hapo hapo kwa herufi kubwa JINA na nasonga. Kurekebisha jina ni kazi ya dakika tano kitabu kikiisha, lakini nikirudi sasa hivi sitarekebisha jina peke yake, nitakutana na sentensi nisiyoipenda, na baada ya hiyo nyingine, na asubuhi yangu imekwenda.

Na hiyo aya ya mwisho ina namna yake ya kuiacha. Kwetu Muheza mama alikuwa hapakui wali wote usiku, anabakiza, asubuhi tunakunywa chai na kiporo ndo tunakwenda shule. Mi naandika hivyo hivyo, sikombi sufuria. Nikiwa najua kabisa kinachofuata, mgeni keshabisha hodi na najua ni nani na kaja kutafuta nini, naacha hapo hapo hata kama muda bado ninao. Inauma, maana mkono unataka kuendelea, lakini ndo unavyotakiwa uume. Halafu chini kabisa naandika mstari mmoja wa kesho, kwa mfano juzi niliandika: "Shemeji anaingia, kaja kudai kiwanja, anakaribishwa kiti anakataa, anaongea amesimama." Asubuhi sikuti ukurasa mweupe, nakuta kiporo, napasha. Hemingway, yule mwandishi Mmarekani, naye alikuwa anaeleza waziwazi kwamba anasimama siku yake pale anapojua nini kinafuata, kwa hiyo ni njia iliyojaribiwa na watu wa mbali na kwetu pia. Wewe nadhani unaandika mpaka unaishiwa kabisa, ndo unalala, na kesho yake kwa sababu huna pa kushika unarudi kusoma ya nyuma, na kule nyuma kalamu nyekundu inakusubiri.

Kuna kukwama kwa aina nyingine pia, ambako hujakuuliza ila kutakukuta tu huko sura ya sita na kuendelea: kukwama kwa kutojua kitu. Kitabu changu cha pili kuna mtu anakimbia madeni, anatoka Bagamoyo anakwenda Pangani kwa jahazi, mwezi wa kwanza, usiku mmoja kafika. Nikafika mahali nahodha anaamuru mtu alegeze ile kamba ya pembe ya chini ya tanga, na mimi jina la hiyo kamba silijui. Nilikaa wiki nzima! Nafungua faili, naangalia neno "kamba", naona aibu, nafunga. Jumamosi nikaamua nikapanda gari mpaka Bagamoyo, nikashuka ufukweni kule kwenye samaki, nikampata mzee mmoja nahodha anaziba mashua yake kwa pamba na mafuta, nikamuuliza. Akasema hiyo inaitwa demani. Mi demani nilikuwa naijua kama majira tu, ule wakati upepo wa kusi unapopoa, kumbe na kamba ya tanga nayo ni demani. Akanionyesha na foromali, lile boriti linalobeba tanga, akanifanya niishike kwa mikono yangu ili nijue uzito.

Sasa alipoacha kazi yake akaniuliza, huyo mtu wako anasafiri lini? Nikamwambia Januari. Akatikisa kichwa. Januari ni kaskazi, upepo unatoka huko huko anakokwenda, ataenda bisho, anavuka huku anavuka kule, usiku mmoja hafiki Pangani. Angesafiri wakati wa kusi sawa, upepo ungemsukuma mgongoni. Nilirudi Dar kichwa kinachemka. Ikabidi jahazi lilale Saadani siku mbili linasubiri upepo, na pale Saadani yule mtu anayekimbia akaonwa na kijana anayemfahamu, na kile kijana alichokuja kufanya ndo kikawa kitabu kizima. Yaani kwenye karatasi zangu za mwanzo kijana huyo hakuwepo kabisa. Upepo ndo uliomleta.

Lakini pamoja na utamu wote huo ile wiki niliipoteza bure, ningeweza kuandika KAMBA??? nikaendelea na sura nyingine tatu halafu ndo nikaenda Bagamoyo. Siku hizi rasimu zangu zimejaa alama za kuuliza. Nikimaliza nazikusanya zote kwenye daftari moja, hili la kumuuliza nesi, hili la karani wa mahakama, hili la mtu wa mnada wa ng'ombe, natoka naenda kuuliza kwa mpigo. Na watu wanajibu mwalimu, tena kwa furaha, mtu ukimuuliza kuhusu kazi anayoijua anakuona ndugu.

Maneno mangapi? Kwa mwenye ajira kama wewe mi nasema 400, siku tano kwa wiki. Mia nne kwenye simu ni kama kuteremsha skrini mara chache tu, siyo mlima. Ila zidisha uone: 2,000 kwa wiki, wiki 26 ni 52,000, hiyo ni riwaya, na umebakiza nusu mwaka wa kusahihisha. Kipindi cha mitihani ya darasa la saba andika 100, lakini andika, kwa sababu kitabu ukikiacha siku kumi kinakuwa kigeni, unasahau sauti za watu wako wanavyoongea na kuzirudisha ni kazi kuliko hayo maneno mia. Usijilinganishe na wanaojisifu elfu tano kwa siku. Anthony Trollope, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19, alikuwa mfanyakazi wa Posta, anakaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri na saa yake mbele yake, anajidai maneno 250 kila robo saa, na alikuwa anamlipa mtumishi pauni 5 zaidi kwa mwaka amwamshe na kumpelekea kahawa. Kasi ile siitaki na siwezi kukushauri, ninachokipenda mimi ni kwamba alijua hataamka mwenyewe akatafuta wa kumwamsha. We mwambie mwenzako wa nyumbani, au mwalimu mwenzako, awe anakuuliza kila Ijumaa umefikisha ngapi. Na ajira isikukatishe tamaa. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha toka 1926 mpaka 1944 na baada ya hapo akaendelea kwenye ofisi nyingine za serikali, maandishi yake mengi tunayojivunia yalipita pembeni ya kazi ya mwajiri.

Kuna mambo mengine ambayo hayana ufundi ila yanaua vitabu vilevile. Nyumbani watakuona umekaa watakutuma gesi. "Si upo tu." Mi nilichofanya nimeweka kofia moja nyekundu, nikiivaa nipo kazini, watoto wanajua, hata mama mkwe alipokuja kututembelea alielewa siku ya pili. Umeme ukikatika na chaji iko asilimia nane, uwe na daftari la mkono karibu. Na hela zinachelewa sana, nisikufiche. Kuna redio moja ilikaa na malipo yangu ya vipindi miezi minane, na kuna mchapishaji alikaa na mswada wangu zaidi ya mwaka bila hata kusema nimepokea, na kila nikipiga simu naambiwa mhusika katoka. Katika mwaka ule nusura niache. Nilikuwa na mchezo wa redio wenye binti aliyekatishwa shule akauze duka la mjomba, nauandika nimechoka, siupendi, nawaza kodi ya nyumba. Nikapeleka suruali kwa fundi cherehani hapa mtaani, hajui mimi nafanya kazi gani, redio yake inaongea, mchezo umeisha, fundi akazima cherehani akamgeukia msaidizi wake akamuuliza, "Hivi huyu mtoto watamrudisha shule kweli?" Msaidizi akasema hawatamrudisha. Wakaanza kubishana, fundi amekasirika kabisa, suruali yangu iko mkononi mwake. Nilirudi nyumbani nikaandika vipindi vitatu vilivyobaki kwa siku nne, na nilimrudisha yule binti shule, lakini kwa shida, ili msaidizi naye asione nimemdanganya. Mpaka leo nikichoka huwa nampitia fundi nakaa kwenye benchi lake, nasikiliza tu.

Kwa hizo nne zako fanya hivi. Usizifungue. Kaa ujiulize ni yupi kati ya wahusika wako anayekujia kichwani ukiwa unapiga mswaki au unasimamia foleni ya uji wa watoto, huyo ndo kitabu chake kina uhai, hizo tatu nyingine zifunge kwenye faili moja uzipe jina ZINASUBIRI. Fungua hiyo moja, nenda moja kwa moja mwisho, soma aya ya mwisho tu, chini yake andika mstari mmoja wa nini kinatokea kesho, funga simu ulale. Alfajiri anza na huo mstari. Ukifika sura ya tano niandikie tena, ila sura yenyewe usinitumie bado, nitumie namba tu ya maneno uliyofikisha.