Kitunguu saumu kwenye ndoo: hofia kuganda na kuyeyuka, si baridi

Kila Septemba inapokatika, ndugu zetu wa Afrika Mashariki hapa Minneapolis, Marekani, huniuliza: unapandaje kitu nje wakati theluji iko njiani? Kwa kitunguu saumu, huo ndio wakati wenyewe. Punje ikishatia mizizi inahitaji wiki kadhaa za baridi ya chini ya nyuzi 10 za Selsiasi ndipo ijigawe kuwa kichwa chenye punje nyingi. Ikiikosa, mara nyingi utavuna kitufe kimoja cha mviringo. Ndiyo maana kule Tanzania zao hili hustawi nyanda za juu kama Mbulu, si Dar es Salaam.

Kwa hiyo wewe unayelima kwenye roshani usihangaike kuikimbia baridi. Hangaika na chombo. Shambani udongo huganda kuanzia juu, tena polepole. Kwenye ndoo baridi huingia pande zote. Ukifika mwezi wa Machi jua hupiga ubavu wa ndoo mchana, udongo ukayeyuka, usiku ukaganda tena. Maji yanapoganda hutanuka, yakaisukuma punje juu na kukata mizizi. Punje nyingi zinazokufa kwenye vyombo huuawa na kigeugeu hicho pamoja na maji yaliyotuama. Kazi yako ya miezi yote ile ni kuifanya baridi itulie.

Chombo kikubwa hutulia zaidi. Mimi napenda cha lita 40 na kuendelea, chenye kina cha sentimita 30. Chungu cha udongo kiache, kitapasuka. Chukua plastiki nene au pipa la mbao, utoboe matundu ya kutosha chini. Usijaze udongo mzito wa bustani. Changanya udongo mwepesi wa vyungu na mboji.

Mbegu tafuta za shingo ngumu, yaani zinazotoa bua gumu la ua katikati, kama aina za Music, German Extra Hardy na Chesnok Red. Wakulima wanaouza kwenye masoko ya wikendi wanazo. Vitunguu vya dukani kwa kawaida ni vya shingo laini, vimetoka sehemu zenye joto, na vingine vimezuiwa visichipue.

Panda mwanzoni mwa Oktoba. Tenganisha punje bila kuzimenya, chagua nene, ncha itazame juu, zizame sentimita 5 hadi 8. Kati ya punje na punje acha sentimita 12 hivi, na ukingoni acha 10, maana ukingo ndio unaoganda kwanza. Mwagilia vizuri. Udongo ukianza kuganda juu, funika kwa mabua makavu ya ngano, unene wa sentimita 15.

Halafu sogeza vyombo vyote vikae pamoja, vibanane, vikiegemea ukuta ambao jua haliupigi. Mapengo yajaze mifuko ya majani makavu. Nimewaona watu wakitafuta ukuta wenye jua kwa kuihurumia mimea. Huko ndiko kuyeyuka kunakoanzia. Theluji ikiangukia juu iache, ni blanketi. Mwenye gereji isiyo na hita ana bahati kubwa: aviingize humo, achungulie mara moja moja, na udongo ukikauka sana bila kuganda atie maji kidogo. Sebuleni usivipeleke. Vitachipua mapema na kudhoofika.

Aprili, majani ya kijani yakijitokeza, punguza mabua kidogo kidogo na utie mbolea yenye naitrojeni. Katikati ya Mei acha mbolea, lakini usiache maji, kwa sababu ndoo hukauka haraka kuliko shamba. Juni bua la ua litajikunja. Likate, kichwa kinenepe. Bua lenyewe ni mboga tamu. Nyumbani kwangu hukatwakatwa na kukaangwa na nyanya na mayai, na watoto huligombania.

Majani ya chini yakishakuwa ya kahawia, karibu theluthi moja ya mmea, jambo ambalo huku huangukia Julai, chimbua kwa mkono bila kuvuta shingo. Usioshe. Tundika kivulini penye hewa wiki tatu au nne. Kabla hujaanza kula, tenga vichwa vikubwa kuliko vyote viwe mbegu ya Oktoba. Vidogo ndivyo viende jikoni.