Jibu: Red Headed Stranger mbona kama haijamalizika?

Habari mkuu. Umesema umeisikiliza albamu hii ya Willie Nelson, mwimbaji wa kantri wa Marekani, mara mbili, ukaona nyimbo ni fupifupi na zinajirudia, hujui inasifiwa kwa lipi.

Kwanza angalia simu yako: inachanganya nyimbo? Mimi ndipo niliponasa. Hii ni hadithi moja, ya mhubiri aliyemuua mkewe pamoja na mwanamume aliyetoroka naye, akabaki kutangatanga na farasi. Mpangilio ukivurugika, wimbo "Time of the Preacher" ukirudi katikati utadhani ni makosa. Anza wimbo wa kwanza, usiruke.

Hilo la "haijamalizika" hata wakubwa wa Columbia, kampuni ya rekodi iliyoitoa, walilisema mwaka 1975, wakidhani wameletewa rekodi ya majaribio tu. Ila mkataba ulimpa Nelson kauli ya mwisho, ikatoka hivyohivyo na kushika namba 1 kwenye chati ya albamu za kantri. "Blue Eyes Crying in the Rain" nao ukawa wimbo wake wa kwanza kama mwimbaji kufika namba 1.

Huo usikilize usiku, nyumba ikiwa kimya. Gitaa linadonoa taratibu, sauti iko karibu kabisa, hakuna vayolini za kujaza nafasi. Kwangu mimi utamu wote uko kwenye ile nafasi iliyoachwa wazi.