Maswali na majibu: Gari kuukuu, injini gani?

Fundi, shikamoo. Nina Corolla AE110. Nikienda kununua ringi za pistoni, muuzaji ananiuliza, "Injini ni 4A au 5A?" Nitajuaje?

Marahaba. Usikisie hata kidogo, pesa itapotea bure. Fungua boneti usome kibati kilichopo ukutani, nyuma ya injini. AE110 za soko la Japani zilitoka na 5A-FE ya cc 1498. Ndugu yake AE111 mara nyingi ana 4A-FE, cc 1587. Kwa macho zinafanana sana. Pistoni za zote mbili husafiri milimita 77, ila silinda ya 5A ina upana wa milimita 78.7 na ya 4A ni 81, ndiyo maana ringi za moja haziingii kwenye nyingine.

Ila kibati hueleza gari lilivyotoka kiwandani tu. Gari la umri huo huenda limeshafungwa injini ya mtumba, na muuzaji aliyekuuzia hakukwambia. Mimi naamini namba iliyogongwa kwenye bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, basi.

Nimeitafuta hiyo namba, naona grisi tupu!

Iko sehemu bapa ya bloku. Usihangaike na hedi, ile sehemu ya juu inayofunika silinda, na maandishi ya kava ya mkanda wa taimingi usiyategemee, kava huhama gari hadi gari. Subiri injini ipoe, paka dizeli, sugua kwa brashi, futa pakauke. Kisha pitisha chaki nyeupe na ufute juu juu kwa kitambaa: chaki itabaki ndani ya herufi, utazisoma vizuri. Msasa na grainda weka mbali kabisa. Namba iliyokwanguliwa itakufanya ushukiwe wizi.

Hilux yangu ya dizeli ni 2L au 3L?

Hapo ni rahisi. Tazama ubavuni mwa bloku, utaona 2L, 3L au 5L imeinuka kwenye chuma chenyewe. 2L ni cc 2446, 3L 2779, 5L 2986.

Kaka, nataka kununua gari hapa Dar. Namba ya injini hailingani na kadi, mwenye gari anasema ni kawaida.

Usitoe hata shilingi kwanza. Kubadilisha injini kunaruhusiwa, lakini lazima kadi ibadilishwe pia. Mwambie aende TRA na risiti ya hiyo injini, arekebishe kadi kwa jina lake, ndipo mzungumze bei. Akianza kukuzungusha, achana na gari hilo.